Mabasi Matatu na Njia ya Mwalunzi

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na mkaniomba niseme maneno mawili. Nikashukuru, nikakaa. Nilipofika nyumbani maneno yakaanza kuja yenyewe, na kwa kuwa mimi ni fundi na si msemaji, nimeona niyaandike. Vyeo nilivyopitia vipo kwenye jalada langu, anayevitaka akasome huko. Hapa nataka kueleza jinsi hatima ya mradi wa mabasi wa mji wetu ilivyoamuliwa, maana wengi wenu mnadhani njia ya Mwalunzi ilikuwepo tu, kama mto ulivyo.

Nilifika Bariadi nikitokea Ipililo, cheti changu cha ufundi wa magari nimekikunja mara nne ndani ya soksi. Wakati huo tulikuwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Mradi, mali ya halmashauri, ulikuwa na mabasi matatu. Mawili yalifika siku moja, kwa hiyo watu wa karakana waliyaita Kulwa na Doto, kama mapacha wanavyoitwa kwetu. La tatu lilikuja baadaye, likaitwa Shija, jina la mtoto anayewafuata mapacha.

Mkuu wa karakana alikuwa Fundi Ng'wandu, mtu wa Mkula, mfupi, mwenye viganja vipana kama sahani. Nilimwamkia, nikamwonyesha cheti. Akakipokea kwa vidole viwili asikichafue, akanirudishia bila kukisoma. Shija lilikuwa linaunguruma pale uani. Akanipa bisibisi ndefu.

"Ncha weka kwenye injini, mpini weka sikioni," akasema. "Unasikia nini, ng'wanawane, mwanangu?"

"Kelele, baba."

"Basi kaa hapo mpaka usisikie kelele."

Akaondoka. Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni, lakini kesho yake akanipa bisibisi ileile, na kesho kutwa tena. Siku ya nne, katikati ya ule mngurumo, nikasikia kitu kidogo kama mtu anayegonga ukucha kwenye sufuria. Nilisogeza ncha huku na huku mpaka nikajua ni silinda ya tatu. Nikamwita. Akafungua kifuniko, akapitisha kipimo chembamba penye vali, akanionyesha: mwanya ulikuwa umezidi. Alikuwa anaujua tangu siku ya kwanza. Aliuacha ili niupate mwenyewe.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na hivi karibuni nimeona mashine zinazochomekwa kwenye gari zikatoa jibu kwenye kioo. Ni nzuri. Lakini mshangao wa siku ile haujawahi kunirudia, wa kugundua kwamba ndani ya kelele kuna mtu anazungumza.

Miaka ile kifaa kilipatikana kwa kibali. Unaandika barua kuomba tairi, barua inakwenda mkoani, inarudi na swali, unajibu swali, na tairi linakuja la gari jingine. Ng'wandu alikata gasketi kwa mkasi kutoka kwenye maboksi magumu. Springi za Shija alizifua kutoka kwenye trela la trekta. Kulwa lilipovunjika giaboksi hatukulitupa. Tuliliegesha nyuma ya karakana likawa duka letu. Tulichukua kioo, tukachukua pampu, tukachukua viti, mpaka likabaki bodi ambamo kuku wa mlinzi walitaga.

Halafu zikaja zama za ruksa. Ghafla maduka ya Mwanza yakajaa vipuri bila kibali chochote, na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuonekana vijijini na mizani zao. Watu wenye mitaji wakaleta mabasi yao. Waliingia barabara ya Mwanza, ambako kuna changarawe na abiria kila kilomita. Mabasi yao yalikuwa yanang'aa, yana redio. Sisi tukabaki na njia ambazo hakuna aliyezitaka, na mbaya kuliko zote ilikuwa ya Mwalunzi, inayokatiza mbuga ya udongo mweusi. Wakati wa kiangazi udongo ule hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Wakati wa masika huwa kama unga uliokorogwa.

Doto nalo likafa. Ndipo ikaja barua kutoka juu: halmashauri ziangalie biashara zinazoendesha, na zile zinazoweza kufanywa na watu binafsi ziachwe. Baraza la madiwani likatakiwa kuamua: mradi uendelee au ufungwe, mabasi na uwanja viuzwe. Mkurugenzi akaomba taarifa ya kitaalamu kutoka karakana. Ng'wandu alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na mwandiko wake ulikuwa wa shida, kwa hiyo nikaandika mimi.

Niliandika ukweli. Kulwa halipo. Doto limekufa. Shija linatembea, lakini injini imechoka na mwili umechoka zaidi, na kulitengeneza ni sawa na kununua jingine. Nikamaliza kwa kushauri mradi ufungwe. Nilijisikia mtu mzima kuandika sentensi ile.

Ng'wandu aliisoma polepole, midomo ikitembea.

"Umeandika vizuri," akasema. "Kuhusu injini umesema kweli yote." Akachukua kalamu, akatia sahihi. Kisha akaniuliza, "Mabula, umewahi kufika Mwalunzi?"

"Sijawahi, baba."

"Miaka minane unatengeneza basi la Mwalunzi."

Alirudi chini ya gari.

Diwani wa kule alikuwa mama mmoja anaitwa Nkwimba, mkulima wa pamba na mpunga, mtu asiyepandisha sauti. Taarifa yangu ilipofika kwenye kamati hakuipinga. Aliomba jambo moja tu: kabla ya kikao cha baraza, kamati ipande Shija ikaone njia yenyewe, na fundi aliyeandika awepo. Mwenyekiti akakubali, nadhani ili amalize maneno. Ilipangwa Alhamisi, na ilikuwa masika.

Tulitoka asubuhi tukiwa kamati ya watu watatu, Mheshimiwa Nkwimba akiwemo, dereva, mimi na sanduku langu la spana, na abiria wa kawaida. Kiti cha mbele alikaa muuguzi na boksi la chanjo magotini, amelikumbatia kama mtoto. Niligundua kwamba kila kituo watu walikuwa tayari wamesimama kabla hatujatokea. Mzee mmoja aliyepanda na gurudumu la baiskeli aliniambia wanasikia Shija likibadilisha gia kwenye mlima wa nyuma, ndiyo wanatoka majumbani. Mimi niliyefundishwa kusikiliza injini kwa bisibisi nikaambiwa na mkulima kwamba gia ya pili ina mlio mpya tangu mwezi uliopita. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimebadilisha beringi.

Katikati ya mbuga Shija likazama. Halikuteleza wala kupiga kelele. Lilishuka tu mpaka ekseli ikalala juu ya matope. Dereva akazima injini, akashusha kioo, akatulia kabisa. Mjumbe mmoja wa kamati, mwalimu mstaafu mwenye suruali ya kijivu, akatazama nje pande zote. Hapakuwa na kitu ila maji, majani na ndege weupe.

"Nadhani jibu tumelipata," akasema.

Nilishuka, nikaingia matope mpaka magotini, nikapiga magoti kuchungulia chini. Nilijua jeki zetu zingezama kama mawe. Nilikuwa naandaa maneno ya kuwaambia nilipomwona mzee anakuja kwa miguu, suruali ameikunja, fimbo begani. Aliitwa Luhende. Aliwaamkia watu wote mmoja mmoja, mwangaluka baba, mwangaluka mayu, akauliza habari za nyumbani, habari za ng'ombe, habari za mvua za upande wetu, kama vile tumekutana mnadani. Ndipo akalitazama basi.

"Leo mmezamia kushoto," akamwambia dereva. "Nilikwambia upite kulia."

"Kulia kuna maji, baba."

"Haya." Akageuka, akaondoka alikotoka.

Nikamuuliza dereva, "Anakwenda wapi?"

"Kuita zamu," akasema.

Sikuelewa. Baada ya saa moja hivi nikaona ng'ombe. Mwanzo ilikuwa jozi moja ya maksai wenye nira, kisha nyingine kutoka upande wa pili, kisha nyingine, wanatokea kwenye miji, yaani kaya zilizofichwa na ua wa minyaa, wanakuja wakikata maji. Jozi tisa. Nyuma yao wanawake wamebeba vichwani mizigo ya miti ya pamba iliyokauka, na wanaume wamening'iniza minyororo ya plau mabegani. Hawakukimbia wala kupiga kelele. Walikuja kama watu wanaokwenda shambani.

Walifanya kazi ile kwa mpangilio ambao karakana yetu haikuwahi kuwa nao. Wanawake walisukumia miti ya pamba chini ya magurudumu, safu juu ya safu, wakikanyagia kwa miguu. Wanaume waliunganisha minyororo, mmoja akalala kifudifudi kwenye matope kuifunga kwenye chesisi, mahali sahihi kabisa. Nilipoinama kumwonyesha nikakuta ameshamaliza. Kisha kila mwenye ng'ombe akasimama ubavuni mwa ng'ombe wake akaanza kuwaita kwa majina. Kulikuwa na Meja, kulikuwa na Taabu, kulikuwa na Subira. Ng'ombe mmoja mdogo, mwekundu, alikuwa anaitwa Ruksa, na ndiye peke yake aliyegoma kuvuta.

"Ruksa! Ruksa, vuta! Ona Ruksa anavyowaachia wenzake!"

Mwalimu mstaafu alijaribu kutocheka mbele ya diwani, akashindwa.

Luhende akainua fimbo. Wakaanza wimbo wa kulima, taratibu, na kwenye kila kiitikio jozi zote tisa ziliweka mabega. Minyororo ikanyooka. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimeshika bodi kwa mkono na nikausikia mtetemo ukipita ndani ya chuma, halafu Shija likaguna, likanyanyuka, likatoka kwenye lile shimo matope yakidondoka kila upande, abiria ndani wakipiga vigelegele, na muuguzi bado amekumbatia boksi lake. Maji yakaingia kwenye shimo tuliloacha, likajaa, likatulia.

Mimi nilibaki nimesimama. Mpaka leo sijui jinsi ya kukisema vizuri nilichokiona. Nilikuwa nimezoea kudhani basi ndilo linalobeba watu.

Nilimfuata dereva. "Hii hutokea mara ngapi?"

"Masika? Karibu kila safari."

"Mbona kwenye kitabu cha safari hujawahi kuandika?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kitabu kina sehemu mbili, Fundi. Safari imekamilika, au haikukamilika. Zilikamilika."

Luhende alikuwa ananawa miguu kwenye dimbwi. Nikamwamkia upya, nikamuuliza zamu ile ni ya nani na nani aliianzisha. Akasema kila mji una wiki yake, na ambaye ng'ombe wake wanaumwa anatoa miti ya pamba. Nani aliianzisha hakukumbuka. Nikamuuliza kwa nini.

"Ng'wanawane," akasema, "zamani muuguzi tulimwona mara moja kwa msimu. Tangu basi lianze tunamwona kila Alhamisi. Sasa wewe ungeliacha kwenye matope?"

Mwalunzi kwenyewe tuliwakuta wanawake wamekaa kwenye baraza la ghala la pamba na watoto wao, tangu asubuhi. Hakuna aliyeuliza kwa nini tumechelewa. Muuguzi akatundika mizani kwenye boriti, akaanza kupima watoto. Mheshimiwa Nkwimba hakunihutubia. Alinisogezea kigoda tu, nikakaa, nikatazama mtoto mmoja baada ya mwingine akining'inia pale kwenye ndoano, akilia, akishushwa.

Kisha nikaenda kukagua basi. Nilitambaa chini, nikafuta matope kwa kiganja. Penye kiungo cha nyuma chesisi ilikuwa imepasuka, ufa wa kuingia ukucha. Nililala pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Taarifa yangu ilikuwa sahihi, na sikuwahi kuchukia usahihi kama siku ile. Niliufunga ufa kwa chuma na boliti, nikamwambia dereva asizidi mwendo wa baiskeli. Tulirudi mjini jua likizama.

Kikao cha baraza kilijaa. Kulikuwa na mfanyabiashara, Bwana Limbu, mwenye mabasi mawili ya barabara ya Mwanza, aliyekuja kusikiliza kwa sababu alitaka uwanja wa karakana na nafasi zote za stendi zikibaki wazi. Madiwani wakagawanyika. Wengine walisema uzeni kila kitu, dunia imebadilika. Wengine walisema basi lile ni la wananchi, haliuzwi. Mheshimiwa Nkwimba alieleza aliyoyaona njiani bila kuongeza chumvi. Mwisho mwenyekiti akanigeukia.

"Fundi, uliandika basi limekufa. Sasa umekwenda. Umebadili mawazo?"

Nilisimama.

"Sijabadili, Mheshimiwa Mwenyekiti. Basi limekufa. Chesisi imepasuka, na mimi siwezi kumpandisha mtu humo tena."

Nilimwona Mheshimiwa Nkwimba akishusha macho. Nadhani alijiona mjinga kwa kunipa kile kigoda.

"Lakini niliulizwa habari za basi," nikaendelea. "Habari za njia sikuulizwa, na kama ningeulizwa ningedanganya, maana nilikuwa siijui. Njia ni nzima. Kuna watu wanaitengeneza kila wiki kwa ng'ombe wao na hawajawahi kutuletea hata barua. Tukifunga mradi, tusiandike kwamba njia imekufa. Tutakuwa tumeandika uongo."

Mtu akauliza, "Kwa hiyo unataka tufanye nini?" Nilikuwa nimefika mwisho wa ninachokijua, nikasimama tu pale kama mtu aliyesahau alichoendea dukani.

Fundi Ng'wandu alikuwa ameketi nyuma kabisa, kofia magotini. Akaomba ruhusa ya kusema, akapewa, labda kwa ajili ya umri.

"Huyu bwana anataka stendi," akasema, akimwelekezea Bwana Limbu mkono kwa adabu. "Leseni wanatoa mkoani, lakini stendi ni ya halmashauri. Asiye na kibali cha stendi hapakii. Mpeni barabara ya Mwanza. Ila ya Mwanza na ya Mwalunzi ziwe kibali kimoja, asichukue moja akaacha nyingine. Mwalunzi aende Jumatatu na Alhamisi. Na mwingine yeyote atakayekuja, vivyo hivyo."

Akakaa. Mtu yule alishindwa kusoma taarifa yangu bila kutikisa midomo. Nilimtazama kama siku nilipousikia ukucha kwenye silinda ya tatu.

Bwana Limbu alisimama. "Mnataka niue gari langu kwenye matope?"

"Hutaliua," Mheshimiwa Nkwimba akasema. "Njoo Alhamisi."

Baraza likapiga kura. Mradi ulifungwa, mabasi yakauzwa kama chuma chakavu, na uwanja ukabaki wa mji. Msidhani ulikuwa ushindi wa kila mtu. Wenzangu wa karakana walikwenda nyumbani, na wengine hawakupata kazi ya maana tena. Nilikutana na mmoja akichonga mipini ya majembe sokoni, tukasalimiana kila mtu akiangalia pembeni. Mimi nilibakizwa kuwa mkaguzi wa stendi, kusimamia lile sharti. Nilipewa daftari. Nikachora mistari mipya kwa rula: mbali na kukamilika na kutokamilika, nikaongeza nafasi ya kuandika aliyesaidia.

Bwana Limbu alijaribu kila hila. Gari linaumwa, dereva ana msiba, matope yamezidi. Nikamwandikia kila mara barua ya heshima kwamba kibali chake cha Mwanza kimesimamishwa mpaka gari lipone. Wiki ya tano alikwenda mwenyewe, nadhani ili aniletee ushahidi kwamba haiwezekani. Nilikuwa naye. Basi lilipozama alishuka na viatu vyake vizuri, akaanza kulaani halmashauri, mimi, na mvua. Kisha watu wa zamu wakaja. Aliwatazama wale akina mama wanavyokanyagia miti ya pamba chini ya gari ambalo si lao, mali ya mtu wasiyemjua, kisha akavua viatu, akaviweka juu ya boneti, akaingia kwenye matope kupokea mzigo. Wiki iliyofuata aliweka kule basi lake jingine, lenye ekseli ya juu.

Miaka ikapita. Fundi Ng'wandu alistaafu akarudi Mkula, akafariki kwa amani nyumbani kwake. Ng'ombe wakapungukiwa kazi baada ya kuwekwa kalavati na changarawe. Nilizoea kazi yangu ya kusimama na daftari. Kisha zikaja kanuni mpya, mambo ya vibali vya stendi yakaondolewa mikononi mwetu, na sharti la Mwalunzi likafa siku hiyohiyo bila mtu kulitaja. Hakuna tena aliyelazimika kwenda kule.

Jumatatu ya kwanza baada ya hapo sikutakiwa kuwa stendi. Nilikwenda tu. Nilichelewa kidogo, kwa makusudi nadhani, maana sikutaka kuona dereva akigeuza gari kuelekea Mwanza. Nafasi ya Mwalunzi ilikuwa tupu. Nikasimama pale nikiwafikiria wanawake wa baraza la ghala, nikapanga jinsi ya kumwambia Mheshimiwa Nkwimba, ambaye sasa alikuwa bibi kizee.

Mama muuza uji aliniona.

"Unasubiri la Mwalunzi, baba?"

"Ndiyo, mayu."

"Limeondoka mapema. Lilijaa." Akakoroga uji wake. "La pili linapakia kule nyuma, nenda haraka ukakae."

Nikageuka kutazama. Kwenye vumbi alama za matairi zilikuwa bado mbichi, zimetoka stendi, zimekata kona, zimeelekea upande wa mbuga.